Kiti cha Mkwe

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini za alasiri, pale Wamaza, tulipoinua pazia. Nina hakika na saa kwa sababu mimi ndiye niliyeichagua. Pazia nililipaka mwenyewe kwa rangi za udongo, na rangi za udongo hazipendi jua la saa sita: zinafifia, na mtu aliyekaa nyuma haoni kitu. Saa tisa na kitu jua linakuwa mgongoni mwa watazamaji, na kitambaa kinawaka. Wenzangu walisubiri wakinung'unika, wakiwa wamekwisha kuvaa nguo za mchezo. Kisha wawili wakavuta kamba, kitambaa kikapanda juu ya miti, na uwanja wote ukanyamaza.

Kimya cha watazamaji nakijua. Kuna kimya cha kungoja, na kuna kimya cha watu walioona jambo ambalo hawakutarajia kuliona hadharani. Mimi nilikuwa nyuma ya kitambaa, nimevaa koti la mtu mbaya, nikadhani wameshangazwa na kazi yangu. Kwa muda mfupi nilifurahi. Halafu nikasikia mwanamke akiuliza, kwa sauti ya chini lakini ya kusikika:

"Ile si mulango ya kwao?"

Na mwingine akamjibu akicheka:

"Na bati yenye kutoboka, hawakuisahau."

Mlango ulikuwa wa baba mkwe wangu. Bati lililotoboka pia.

Mimi ni mtu wa Kasongo, wa familia za Kiislamu za mjini, familia za maduka. Biashara ilinishinda mapema. Shule niliacha mwaka wa pili wa sekondari, baba alipofariki, na yaliyobaki nilijifundisha. Herufi nilizisomea kwenye makopo ya sardini na magunia ya unga. Nilizinakili kwa mkaa juu ya ubao mpaka mkono ukajua unene wa kila mguu wa herufi. Namna barabara inavyopungua machoni kadiri inavyokwenda mbali niliipata katika kitabu cha Kifaransa cha wachoraji wa majengo, kitabu kisicho na jalada, ambacho nilikisoma polepole kwa kamusi ya kuazima, mvua mbili nzima. Tangu hapo nimepaka vibao vya vinyozi, vya maduka ya dawa na vya mikahawa. Kule Nyangwe nimeandika majina kwenye ubavu wa mitumbwi, na wavuvi walinilipa kwa samaki.

Uigizaji ulinijia kwa njia ya rangi. Kundi la mchezo la Kasongo liliniita nipake ubao, na siku hiyo mmoja wao alikuwa na homa. Kiongozi wa kundi, mwalimu aliyeacha kufundisha kwa sababu ya mishahara isiyofika, alinitazama uso, akasikia sauti yangu, akanipa nafasi ya mgonjwa. Nafasi ile ilikuwa ya mlevi anayempiga mkewe. Niliicheza vizuri mno. Kuanzia hapo sikupewa tena mtu mwema. Nimekuwa mwizi wa mbuzi, mganga wa uongo, baba anayemwoza binti mdogo, mtu anayetupa uchafu mtoni. Sokoni akina mama wakiniona nakuja walifunika karanga zao kwa kanga. "Yule mwizi iko anakuja," walisema, na mimi nilicheka nao, kwa sababu mwigizaji akikasirishwa na jambo hilo amekwisha. Lakini miaka ilipozidi, niliona kwamba hata mtu aliyenipa kazi ya kibao alihesabu makopo yake ya rangi mbele yangu, akitabasamu.

Katika uchoraji nina kanuni moja. Sipaki kitu ambacho sijakaa mbele yake. Mtu anayechora kutoka kichwani huchora nyumba ambayo haina mvua wala watu, nyumba ya kitabu cha watoto. Mimi hupima kwa jicho: mlango unaingia mara ngapi katika ukuta, dirisha liko wapi kutoka kwenye kona, ukuta umechimbika wapi kwa maji ya paa. Nikishaikalia nyumba vya kutosha, naweza kuipaka mahali popote.

Na nyumba niliyoikalia kuliko zote duniani ni ile ya Wamaza.

Mke wangu ni wa huko, wa jamaa ya wakulima wanaosema Kibangubangu. Kwao mkwe akifika hana kazi wala mazungumzo mengi. Anawekewa kiti kwenye kibanda cha majani upande wa pili wa kiwanja, kikitazama uso wa nyumba, na anakaa. Hazunguki kijijini bila kuitwa. Haingii jikoni. Mama mkwe hapiti mbele yake. Akitaka kwenda kisimani anazunguka nyuma. Chakula kinaletwa na shemeji kikiwa kimefunikwa, naye anakula peke yake. Hiyo ndiyo heshima, na katika miaka ishirini na miwili ya ndoa niliitoa kila tulipokwenda, siku tatu, siku nne, kiti kilekile. Mtu mwingine angelala. Mimi nilitazama. Nilijua mbao za mlango ule wa buluu, na ubao mmoja mpya uliopakwa buluu isiyolingana na nyingine. Nilijua tundu la bati na kopo la mawese lililopandwa pilipili kando ya kizingiti. Na mzee mwenyewe nilimjua: kabla ya kusema neno zito hupitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kofia yake, polepole, kama anafuta vumbi.

Shirika moja lilitutuma tukacheze vijijini katika Kabambare mchezo kuhusu wajane. Uliandikwa ofisini, Kindu, kwa Kifaransa. Mimi ndiye niliyeutia katika Kiswahili. Mtu anafiwa na kaka yake mkubwa, anachukua shamba la marehemu, anamfukuza mjane na kumfungia mlango. Mtu huyo, bila shaka, nilikuwa mimi. Walitaka pazia lenye nyumba ya kijijini, ya mtu mwenye uwezo kidogo. Nilishona magunia ya unga, nikayakaza kwa uji wa muhogo, nikachekecha udongo mwekundu, nikasaga mkaa, nikachukua chokaa, na kwa mlango nikatumia buluu ya kufulia nguo. Nilichora nyumba ya baba mkwe nikijua kwamba ni yake. Sikuona ubaya wowote. Ilikuwa nyumba nzuri, na niliijua. Na mtu wangu mbaya alipohitaji ishara ya mkono, nilimpa kidole gumba kwenye ukingo wa kofia.

Mke wangu hakuliona pazia likipakwa. Alikuwa Kindu kwa binti yetu aliyejifungua. Aliporudi, kitambaa kilikuwa kimekwisha kukunjwa ndani ya plastiki na kufungwa kwenye pikipiki. Alifurahi kusikia kwamba Wamaza imo katika safari, akapanda nyuma ya pikipiki nyingine na mtungi wa zawadi ya mama yake magotini, akatutangulia moja kwa moja kwa wazazi wake.

Vijiji vya kwanza vilikwenda salama. Watu walicheka, walinizomea, na baadaye walitupa muhogo na ndizi. Kisha ikafika Wamaza, saa tisa na dakika ishirini.

Pazia likishainuliwa mchezo hausimami. Nilitoka. Baba mkwe alikuwa amekaa mbele kabisa, kwenye viti vya wakubwa. Mke wangu alikuwa pembeni na mama yake, kati ya wanawake. Nilisema maneno yangu. Nilipopitisha kidole kwenye kofia, wanawake walifunika midomo. Mpaka hapo niliamini kwamba wanacheka utani wa kawaida, wa mkwe aliyemwiga mkwe wake. Aibu ndogo, nilifikiri, ya kuku mmoja na kuomba radhi.

Nilipofika mahali pa kumfungia mjane mlango, mwanamke mzee alisimama katikati ya watu. Nilimfahamu kwa sura. Aliishi mwisho wa kijiji katika nyumba ndogo ya majani, na mke wangu alimwita mama mkubwa. Katika miaka yote ile sikumwona akikanyaga kiwanja cha baba mkwe, na nilidhani ni zile desturi za kuepukana ambazo mgeni haulizi. Alipita kati ya watu, akanipita mimi kana kwamba si mtu, akafika kwenye pazia, akausukuma mlango wa buluu kwa kiganja. Kitambaa kilirudi nyuma, kikarudi mbele. Akausukuma tena. Kisha akakitazama kiganja chake, kilichokuwa na rangi, akawageukia watu.

"Mumeona," alisema. "Hata huku haifunguki."

Akarudi kukaa. Hakuna aliyepiga makofi. Baba mkwe alisimama, akavaa kofia yake, akaondoka, na wakubwa wengine walitazama chini mpaka alipopita. Mchezo tuliumaliza.

Niliyoyajua baadaye siku hiyo, kijiji kizima kiliyajua tangu zamani. Baba mkwe alikuwa na kaka mkubwa. Kaka alipokufa, shamba lake la kando ya kijito lilihama, na mjane alihama pia, mpaka ile nyumba ndogo ya majani mwisho wa kijiji. Nyumba yenye mlango wa buluu ilijengwa kwa mavuno ya shamba lile. Mke wangu alikuwa msichana mdogo. Alijua, na kwa miaka ishirini na miwili hakuniambia, kwa sababu mambo ya nyumba ya baba hayapelekwi kwa mume.

Asubuhi nilikwenda kwenye kibanda cha majani. Kiti hakikuwepo. Nilisimama. Baba mkwe alitoka, akabaki kizingitini, akaniuliza bila salamu ni nani aliyeniambia.

Nilimjibu kwamba hakuna. Nilimweleza kanuni yangu: nimekaa hapa mara nyingi, nimeitazama nyumba, nimeichora.

Kidole gumba kilipita kwenye kofia.

"Mukwe, nyumba uliona," alisema. "Na maneno, uliona wapi?"

Nilimweleza kwamba maneno yaliandikwa Kindu, na watu wasiomjua, na kwamba tumeyacheza katika vijiji vingine kabla ya hiki. Hakuamini, na nikijiweka mahali pake nami nisingeamini. Aliuliza kama watu wa Kindu ndio waliojua bati lake. Alisema kwamba mtu hawezi kukaa kwenye kiti akaona yote yale, kuna aliyemfungulia mdomo. Hakutaja jina. Ndani, nyuma ya mlango, mke wangu alikuwa akisikia.

Mke wangu alibaki huko. Tuliambiwa ni siku chache za kumsaidia mama yake. Kundi liliendelea na safari. Katika kijiji kilichofuata niliupaka mlango rangi ya udongo, nikaliziba tundu la bati kwa mkaa, na ishara ya kofia sikuitumia tena. Huko nako mzee mmoja alikuja baada ya mchezo, kwa hasira, akiuliza ni nani aliyetupeleka habari zake. Hapo ndipo nilipoelewa. Mchezo ule ulikuwa na mwenyewe katika kila kijiji. Ni Wamaza tu ambako mwenyewe alikuwa baba mkwe wangu.

Miezi ikapita. Nilituma mbuzi na kitambaa cha nguo, vya kuomba radhi, kwa mkono wa kaka yangu mkubwa. Vilipokelewa, mke hakurudi. Kitu pekee nilichokitaka ni hicho, arudi, na nilikitaka kwa namna ya mtu wa umri wangu, bila kelele: nilitaka sauti yake akipima mawese uani, na ugomvi wake juu ya brashi zangu ndani ya sufuria. Wakati huohuo wakubwa wa Wamaza, ambao kwa miaka hawakuwa na macho, walimwambia baba mkwe kwamba maneno yamekuwa mengi mno, na shamba lilirudishwa kwa mjane. Shirika lilifika kumpiga picha akiwa na jembe. Kiongozi wetu alipata sifa na ahadi ya safari nyingine.

Nilimwomba kiongozi huyo aje nami Wamaza, aseme jambo moja tu la kweli, kwamba mchezo uliandikwa kabla hatujaijua habari ile. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Muzee," alisema, "wale wa shirika wameandika kwamba mchezo uligusa mahali penyewe. Unataka niende niseme tulipapasa kama vipofu?"

Nilikwenda peke yangu. Baba mkwe alinipa sharti, na lilikuwa la haki: nisimame uwanjani palepale, mbele ya watu walewale, niseme kama nilivyomwambia yeye. Kwamba binti yake hakuniambia kitu. Shamba hakulitaja. Shamba lilikuwa limekwenda. Kilichomuuma kilikuwa damu yake kumuuza.

Nilisimama saa za alasiri. Sikuwa na koti, kofia, wala pazia. Nimesimama mbele ya watu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na ile ilikuwa mara ya kwanza kusimama nikiwa mimi. Nilianza vizuri. Nilisema kwamba nyumba niliichora kwa macho yangu. Mtu nyuma akauliza koti liko wapi. Wachache wakacheka. Nilisema kwamba maneno yalitoka Kindu. Wakacheka zaidi. Nikaweka mkono kifuani, nikaapa kwamba hakuna mtu wa nyumba ile aliyenifungulia mdomo, na hapo uwanja ukapasuka. Kwa maana katika mchezo, mtu mbaya anapoitwa mbele ya wakubwa, anaweka mkono kifuani na kuapa kwamba hakuchukua kitu. Sauti ilikuwa ileile. Sina nyingine.

"Anacheza muzuri," mwanamke alisema karibu yangu, akifuta machozi ya kicheko. "Huyu baba hazeeki."

Walipiga makofi. Nilijaribu kuendelea, na kila nilipozidi kuwa mkweli walizidi kufurahi. Nikamtazama mjane mzee. Yeye hakucheka. Alikuwa ametega sikio, labda akiogopa kwamba nimekuja kulirudisha shamba mikononi mwa baba mkwe, na alipoona sikulitaja alisimama, akachukua jembe lake, akaenda zake. Baba mkwe alikuwa amekwisha kuondoka. Alikuwa amechekwa mara ya pili, kwa ombi lake mwenyewe.

Mke wangu aliniruhusu kumwona kabla sijaondoka, kando ya njia, kaka yake mdogo akiwa amesimama hatua chache na pikipiki. Alikuwa amekonda. Nilimwambia kwamba yeye anajua kweli: anajua hakuniambia.

"Najua," alisema.

Basi twende, nilimwambia.

Aliokota nyasi kwenye ukingo wa kitenge chake.

"Papa, ile miaka yote ulikuwa unakaa kwa kile kiti," alisema, "mimi nilikuwa ndani naambia mama, mwangalie, namna anangojea mimi. Mama alikuwa anakusifu. Kumbe ulikuwa unachukua mulango."

Nilimwambia kwamba nilifanya yote mawili. Niliona ni jibu sahihi, na bado naona hivyo. Mtu anaweza kumngoja mkewe na kuhesabu mbao. Lakini alitikisa kichwa, si kwa hasira, akaniuliza kama ninakumbuka rangi ya kitenge alichovaa siku ya kwanza aliponiletea maji pale kibandani. Nilifikiri. Ubao mpya wa mlango niliukumbuka. Ulikuwa haujawekwa wakati ule. Kitenge sikukikumbuka. Angeweza kunitukana na ingekuwa nafuu. Alisema tu nisafiri salama kabla ya mvua.

Kwao mali ya bibi, yaani mahari, ikirudi mlangoni kwa mume, ndoa imekufa. Shemeji alifika Kasongo na bahasha, nikamrudisha nayo bila kuifungua. Alifika tena baada ya mavuno, na safari hii hakuja kwangu. Alikwenda kwa kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyeitoa mali ile kwa niaba ya baba yetu, na kaka aliipokea kwa sababu alisema amechoka kuona mdogo wake anachekwa. Niliitwa nishuhudie.

Siku hizi napaka herufi tu. Pazia lipo, shirika lilitaka kulinunua ili walitundike ofisini, na nikakataa. Limekunjwa juu ya dari la chumba ambacho mke wangu alikuwa anahifadhia mawese, panya wanakula uji wa muhogo. Mchezo nimeuacha. Kundi lina mtu mbaya mwingine, kijana, na watu wanasema hanifikii.

Siku ile kwa kaka, shemeji alitandaza noti juu ya mkeka. Mbuzi waliokufa zamani walikuwa wamegeuzwa fedha kwa bei ya zamani, baiskeli iliyochakaa pia, majembe pia. Kwa desturi waliondoa fungu la binti aliyezaliwa, na wakaondoa fungu la miaka ambayo mke wangu alinilimia. Kaka alihesabu, akanipa nihesabu mimi. Nilihesabu mara mbili, kama ninavyofanya kila kazi. Dola tisini na tano.